KUTOKA YABISI HADI HEWA: SIRI YA KIDONGE CHA SANDUKUNI

 Kila mwaka jarida hili hutuletea mashairi, vitendawili, insha na vichekesho, nami huvisoma vyote hadi ukurasa wa mwisho. Mwaka huu nimeomba nafasi kidogo niandike juu ya kemia. Tafadhali usiukimbie ukurasa! Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi na ya sokoni, eti sayansi ikisemwa kwa Kiswahili haieleweki. Mimi nasema la hasha. Ukishindwa kumweleza nyanya yako jambo la kemia kwa lugha anayoijua, yamkini hata wewe hujalielewa, umelikariri tu.

Basi hebu tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona. Fungua sanduku la bati la mwanafunzi yeyote wa bweni. Katikati ya blanketi na sweta utakuta kidonge kimoja au viwili vyeupe vyenye harufu kali, vile vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kufukuza nondo. Jina lake la kikemia ni naftalini. Kidonge hicho kikiwekwa Januari, kinakuwa kinene kama gololi. Ukikitazama tena baada ya miezi kadhaa, kimebaki kama punje ya dengu. Baadaye hukioni kabisa. Blanketi halikulowa. Hakuna alama ya maji wala ya mafuta. Panya hakukila, maana panya ana akili zake. Je, kidonge kimeenda wapi?

Kimepaa, bwana. Kimetoka katika hali ya yabisi kikawa mvuke bila kupitia hali ya kiowevu. Jambo hili wataalamu huliita usablimishaji. Barafu kwenye sahani huyeyuka ikawa maji kwanza, na maji ndiyo yakauke. Mafuta ya kupikia yaliyoganda kwa baridi ya asubuhi huyeyuka kikaangoni. Naftalini yenyewe haina haja na ngazi hiyo ya katikati. Swali letu leo ni hili: kwa nini vitu vingine hupaa hivyo, na vingine, kama chumvi ya mezani, havipai hata ukiviacha miaka mia?

KANI ZA AINA MBILI

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno. Katika naftalini chembe hizo ni molekuli. Molekuli moja ya naftalini ina atomu 10 za kaboni na 8 za haidrojeni. Umbo lake ni bapa, mfano wa vyumba viwili vya sega la asali vinavyotumia ukuta mmoja.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupoteza alama. Kuna kani za aina mbili, na hazifanani kwa nguvu hata kidogo. Aina ya kwanza ni vifungo vya kovalenti vinavyozishika atomu ndani ya molekuli moja. Aina ya pili ni kani za kuvutana baina ya molekuli na molekuli jirani yake.

Chukua mfano wa gwaride la wanafunzi uwanjani. Kila mwanafunzi ana mikono na miguu iliyounganika na mwili wake. Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Halafu wanafunzi wale wameshikana mikono mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo aina ya pili. Kengele ya chakula ikilia, gwaride linavunjika na kila mtu anakwenda zake mbio. Lakini umewahi kuona mwanafunzi akiacha mkono wake uwanjani? Thubutu! Walichoachia ni kushikana tu. Vivyo hivyo, naftalini ikipaa, kila molekuli huondoka nzima, na atomu zake 18 zote. Ndiyo maana mvuke wake una harufu ile ile, na ukigusa kitu baridi hugeuka tena kuwa fuwele za naftalini.

Tutie hesabu kidogo. Kuitoa moli moja ya iodini kutoka hali ya yabisi hadi hali ya gesi huhitaji kilojuli 62 hivi. Kukivunja kifungo kati ya atomu mbili za iodini huhitaji kilojuli 151 hivi kwa moli. Kwa kaboni dioksaidi tofauti ni kubwa zaidi: kuigeuza kutoka yabisi hadi gesi ni kilojuli 25 hivi, ilhali kila kifungo kati ya kaboni na oksijeni kinataka kilojuli 800 hivi. Kwa hivyo anayeandika katika mtihani kwamba “iodini inapopaa vifungo vya kovalenti huvunjika” ameng'oa mikono ya wanafunzi bure.

HIZO KANI DHAIFU ZINATOKA WAPI?

Pengine unauliza: kama molekuli ya naftalini haina chaji, inavutana na jirani yake kwa kitu gani? Swali zuri. Ndani ya kila molekuli kuna elektroni, na elektroni hazitulii mahali pamoja. Kwa muda mfupi mno zinaweza kurundikana upande mmoja. Upande huo ukawa hasi kidogo, na ule wa pili chanya kidogo. Hali hiyo huzisukuma elektroni za jirani nazo zikae kwa mpango, na wawili hao wakavutana. Mara mpango unabadilika, ukatokea mwingine. Mvuto huu ni mdogo, lakini upo wakati wote.

Mholanzi Johannes Diderik van der Waals ndiye aliyeonyesha kuwa hesabu za gesi haziendi sawa bila kutia mvuto kati ya molekuli. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1910. Asili ya mvuto wa elektroni niliyoieleza hapo juu ilifafanuliwa na Fritz London mwaka 1930.

Kanuni ni hii: elektroni zikizidi, mvuto huzidi. Ushahidi tunao katika jamii moja ya elementi. Molekuli ya klorini ina elektroni 34, na klorini ni gesi. Ya bromini ina 70, na bromini ni kiowevu. Ya iodini ina 106, na iodini ni yabisi. Naam, iodini ni yabisi, lakini ni yabisi iliyoshikana kwa shida. Ukifungua chupa yake utaona mvuke wa zambarau bila hata kuwasha moto.

KWA NINI ZITOROKE?

Joto ni mtikisiko. Molekuli za kidonge chako hazikulala. Kila moja inatetemeka mahali pake. Wala hazina nguvu sawa. Ni kama pesa kijijini: wengi wana za wastani, wachache ni maskini wa mwisho, na wachache wana mali ya kupindukia. Molekuli iliyo juu kabisa ya kidonge, ikibahatika kuwa miongoni mwa hizo tajiri, huishinda kani ya majirani na kuruka hewani. Nyingine hufuata, na nyingine.

Zikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, baadhi ya zilizotoroka hugonga kidonge na kunaswa tena. Hatimaye idadi ya zinazotoka na ya zinazorudi huwa sawa. Hapo tunasema hewa imeshiba. Msukumo wa mvuke huo ulioshiba huitwa kanieneo ya mvuke. Kani baina ya molekuli zikiwa dhaifu, watoro ni wengi na kanieneo ni kubwa. Kani zikiwa kali, watoro ni wachache au hawapo kabisa.

Sasa mtazame chumvi. Ndani yake hamna molekuli zinazoshikana kwa mvuto wa kubahatisha. Kuna ioni za sodiamu zenye chaji chanya kamili na ioni za kloraidi zenye chaji hasi kamili, kila moja imezungukwa na adui zake sita wanaoivuta. Chumvi haiyeyuki hadi nyuzi 801 za Selsiasi. Kutoroka katika baridi ya Plateau? Haiwezekani. Ndiyo maana chumvi haina harufu. Pua hunusa kinachoruka, na chumvi hairuki.

KWA NINI ISIYEYUKE KWANZA?

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kuyeyuka na kupaa ni njia mbili tofauti. Ili kitu kiyeyuke, safu zote za molekuli lazima zivunjike kwa pamoja, na hilo hutokea kwenye joto maalumu. Kwa naftalini joto hilo ni nyuzi 80. Hakuna siku Plateau imefika nyuzi 80, na Mungu atuepushe. Kwa hivyo mlango wa kiowevu umefungwa. Lakini kupaa hakungoji joto maalumu. Kunaendelea kwenye joto lolote, molekuli moja moja, kama maji ya shuka yanavyokauka kwenye kamba bila kuchemka. Mlango wa hewa uko wazi siku zote.

Basi kitu kinachopaa waziwazi ni kile chenye mambo mawili pamoja. Kwanza, kani baina ya molekuli ziwe dhaifu kiasi cha kuachia watoro wengi. Pili, molekuli zipangike vizuri hata yabisi isiyeyuke upesi. Umbo ndilo huamua hili la pili. Molekuli bapa au za mviringo hupangika kama matofali au machungwa sokoni, kwa hivyo hukawia kuyeyuka. Zikishayeyuka, hakuna kikubwa cha kuzizuia katika kiowevu.

Mfano bora ni karafumaiti, ambayo wengine huiita kafuri. Molekuli yake imekunjika karibu kama mpira. Huyeyuka kati ya nyuzi 175 na 180, na huchemka kati ya nyuzi 204 na 209. Umeona? Maji hukaa katika hali ya kiowevu kwa nyuzi 100 nzima, lakini karafumaiti hukaa kwa nyuzi 30 hivi tu. Hali ya kiowevu kwake ni kituo kidogo ambacho gari karibu halisimami.

Wenzetu wa pwani wanaifahamu sana karafumaiti. Waislamu huitia katika maji ya mwisho ya kumwoshea maiti, na jina lenyewe linabeba neno “maiti” ndani yake. Sisi wa huku juu hatuko mbali nayo pia. Kakamega, magharibi yetu, wakulima wanaoishi kando ya msitu hupanda aina ya mrehani ambao mafuta yake yana karafumaiti kwa wingi. Hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe. Kikundi chao cha Muliru kilishinda Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Ukijipaka dawa ya namna hiyo kifuani, joto la mwili huongeza watoro, nao ndio unaowanusa puani.

HESABU YA SANDUKU

Nimepiga hesabu moja ambayo naona itawafaa wakaazi wa mabwenini. Kwenye joto la nyuzi 25, kanieneo ya mvuke wa naftalini ni kama paskali 11 tu. Kwa kanuni ya gesi, hewa ya mita moja ya ujazo hushiba kwa nusu gramu na kitu. Sanduku la lita 100 basi hushiba kwa gramu 0.06 hivi. Kidonge kimoja kina gramu kadhaa.

Maana yake ni nini? Ni kwamba sanduku likifungwa barabara, kidonge karibu hakipungui, na nondo wanakoma. Lakini sanduku likiwa na kifuniko kilichopinda, hewa iliyoshiba inatoka, hewa mpya inaingia, kidonge kinatoa tena, na mchezo unaendelea hadi kidonge kiishe. Kwa hivyo anayelia kwamba vidonge vya siku hizi ni hafifu, na akague kwanza bawaba za sanduku lake.

Joto nalo lina neno lake. Kutoka nyuzi 15 za usiku wetu wa Plateau hadi nyuzi 30 za mchana wa Mombasa, kanieneo ya naftalini huongezeka zaidi ya mara nne. Joto limepanda kwa nyuzi 15 tu, lakini matajiri wa kuruka wameongezeka mara nne na ushei. Ndiyo tabia ya watoro: joto likipanda kidogo, wao huongezeka sana.

BARAFU KAVU YA KEREITA

Kaboni dioksaidi ndiyo bingwa wa mambo haya. Kenya tunayo ya asili, inayotoka ardhini huko Kereita, katika Kaunti ya Kiambu, ambako kampuni ya Carbacid huichimba. Ikipozwa na kushindiliwa, hupatikana barafu kavu, ambayo hutumika kusafirishia vitu visivyotakiwa kupata joto, kama vile nyama, aiskrimu na sampuli za maabara.

Barafu hiyo hupaa kwenye nyuzi 78.5 chini ya sufuri. Haiyeyuki hata ukiibembeleza. Kwa nini? Molekuli yake ni nyoofu, haina ncha yenye chaji kwa ujumla, na ina elektroni 22 tu, kwa hivyo mvuto ni mdogo. Ili ipate kuwa kiowevu, lazima kanieneo ifike mara tano na kidogo ya ile ya hewa ya usawa wa bahari. Ikipungua hapo, kiowevu hakiwezi kudumu, na molekuli zote huruka. Sisi wa Plateau, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, basi hatuna matumaini kabisa ya kuiona ikiyeyuka.

Usije ukachanganya barafu kavu na ule mtungi unaofuka moshi ambao daktari wa mifugo huja nao kuwapandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa. Wafugaji wa Uasin Gishu wanaujua vizuri. Ndani ya mtungi ule mna naitrojeni iliyo kiowevu, kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri. Kile ni kiowevu kinachochemka, si yabisi inayopaa. Moshi mweupe katika yote mawili ni unyevu wa hewa yetu ulioganda kwa baridi.

IODINI NA SHUTUMA YA UONGO

Katika somo la kutenganisha michanganyiko, iodini na chumvi hupashwa moto polepole. Iodini hupaa ikaganda kwenye kioo baridi juu, chumvi ikabaki chini. Kwa kanuni tulizoeleza, sababu ni dhahiri: moja ni molekuli zenye mvuto dhaifu, nyingine ni ioni.

Lakini kuna maneno yanayozagaa kwamba iodini “haina hali ya kiowevu.” Hiyo ni shutuma ya uongo. Iodini huyeyuka kwenye nyuzi 114 na huchemka kwenye nyuzi 184. Kanieneo inayohitajika ili iwe kiowevu ni ndogo kuliko ya hewa yetu. Ukiipasha haraka utauona umajimaji mweusi. Ila hata kabla ya kufika hapo huwa imeshatoa mvuke mwingi, ndiyo ikapewa sifa hiyo.

Amonia kloraidi nayo huwekwa katika orodha ya vitu vinavyopaa, na ni sawa kwa kazi ya maabara. Lakini mwenendo wake ni mwingine. Hiyo ni chumvi ya ioni. Ikipashwa moto huvunjika ikawa gesi mbili, amonia na haidrojeni kloraidi, halafu mahali penye baridi hizo mbili hurudiana na kuwa yabisi tena. Hapa ni kweli kifungo kimevunjika. Ukiulizwa tofauti yake na iodini, usisite.

BARAFU YA KILIMANJARO NAYO HUPAA

Labda utasema, “Haya ni mambo ya chupa na masanduku, sisi yatuhusu nini?” Njoo basi tupande mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895. Barafu ya kawaida, ile ya maji, ina kani kali kidogo kati ya molekuli zake, ziitwazo vifungo vya haidrojeni. Hata hivyo nayo ina watoro. Kwenye nyuzi sufuri, kanieneo ya mvuke wa barafu ni paskali 611. Linganisha na paskali 11 za naftalini kwenye nyuzi 25! Kumbe barafu hutoa mvuke kupita hata kidonge cha sandukuni. Hatutambui kwa sababu mbili. Moja, mvuke wa maji hauna harufu. Mbili, hewa ya kawaida huwa tayari ina mvuke wa maji mwingi, basi zinazotoka na zinazorudi hukaribiana.

Juu ya Kibo mambo ni tofauti. Wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 7 hivi chini ya sufuri, na hewa ni kavu mno. Molekuli ikiruka hairudi, na hakuna nyingi za kuchukua nafasi yake. Mwaka 2000 mtaalamu Douglas Hardy na wenzake kutoka Marekani waliweka mitambo ya kupimia hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini. Vipimo vyake, pamoja na utafiti wa akina Georg Kaser na Thomas Mölg wa Austria, vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya barafu ya juu hupotea kwa kupaa, ingawa kuyeyuka nako kupo. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 12 hivi za barafu. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2.

Angalia hesabu hii. Joto linaloweza kuyeyusha kilo nane za barafu hutosha kupaisha kilo moja tu. Kwa hivyo kupaa, peke yake, ni mwizi wa polepole. Barafu ya Kibo ingeweza kumstahimili mwizi huyo karne na karne iwapo theluji ya kutosha ingeanguka kila mwaka kufidia. Tatizo ni kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa kavu zaidi, theluji ikapungua, huku dunia nayo ikizidi kupata joto. Matumizi yakawa makubwa kuliko mapato. Akiba ya namna hiyo, iwe ya benki au ya mlimani, haina budi kwisha.

Na njia hii ya kupaa ina safari ya kurudi. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, usiku wa baridi kali usio na mawingu mvuke wa hewani hutua kwenye majani ukawa fuwele za barafu moja kwa moja, bila kuwa umande kwanza. Hiyo ndiyo sakitu, adui wa wakulima wa viazi. Nondo wa sandukuni na mkulima wa Timboroa, kila mmoja ana kesi yake na kani zile zile.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Kama kidonge kimetoweka, kumbuka hakikupotea. Kimo hewani, na hewa ndiyo tunayovuta.

Kwanza, watoto wachanga. Katika familia nyingi, blanketi la mtoto mchanga hutolewa sandukuni siku anapozaliwa, likiwa limekaa na naftalini miezi. Wako watu ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hali hii hurithiwa, na ni ya kawaida zaidi kwa jamii zilizoishi na malaria tangu zamani, kama zile za pwani na za kando ya Ziwa Victoria. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, mvuke wa naftalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Macho na ngozi huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, mtoto hulegea. Huko si kurogwa. Ni kemia, na mtoto apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kuhusu vidonge hivyo. Afadhali zaidi nguo za mtoto zisiwekwe na naftalini kabisa. Zifuliwe, zikaushwe juani, zifungwe vizuri katika mfuko. Nondo hapendi nguo safi.

Pili, vidonge hivi vinafanana na peremende. Visiachwe ovyo mahali watoto wanapocheza. Na mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka naftalini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Basi tusilale na kidonge chini ya mto eti kinafukuza mbu.

Tatu, ukibahatika kushika barafu kavu, usiishike kwa mkono mtupu, na usiitie katika chupa ukafunga kizibo. Kilo moja hutoa lita 700 hivi za gesi hapa kwetu milimani. Chupa ya soda haina mahali pa kuziweka, itapasuka. Na ndani ya gari au chumba kilichofungwa gesi hiyo huchukua nafasi ya hewa safi na kulevya mtu kabla hajajua.

Wanafunzi wenzangu, nimesema mengi, na mhariri ameniwekea mpaka. Likizo ijayo, nyanya akikuuliza kidonge chake cheupe kimeenda wapi, mketi naye, umweleze gwaride na mikono, umweleze watoro na majirani. Halafu muulize kama ndani ya sanduku lile kuna blanketi la mjukuu anayetarajiwa. Kama lipo, litoe ulifue siku hiyo hiyo.

Nikomee hapo. Wasalaam.